Uzi kwa walimu watarajiwa mnaokuja Lamu: mkaribishe mwenzako darasani kabla ya kuwaza cheo

#1 MwalimuWaPate (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kila muhula ukikaribia, maswali ya walimu wanaopangiwa Lamu huwa yaleyale: nauli ya mashua, chumba cha kupanga, maji ya kunywa, usalama wa barabara ya kutoka Garsen. Ni maswali ya haki na yamejibiwa vizuri humu. Sijaona anayeuliza atafanyaje kazi na walimu atakaowakuta. Kwa muda niliofundisha kisiwani Pate, nimeona hilo ndilo linaloamua kama mgeni atakuwa mwalimu wa kutegemewa au atakaa akingoja uhamisho tangu siku anayoshuka gatini Mtangawanda.

Nawaandikia hasa ninyi mlio mwaka wa mwisho wa diploma, mnaokuja kwa mazoezi ya kufundisha, pamoja na walimu wanagenzi (walio katika mafunzo ya kazi) wa sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa.

Chuoni mmesoma uongozi. Mmeandika maelezo ya uongozi wa kiimla, wa kidemokrasia, na ule wa kuacha mambo yajiendee. Mmezisoma ngazi za TSC, tume inayoajiri walimu: mwalimu mwandamizi, naibu, mwalimu mkuu. Yote hayo yanamhusu mtu mwenye meza yake. Ninyi mtafika hamna cheo, na huenda hata kiti katika afisi ya walimu mkakiazima. Ndiyo maana wengi huona uongozi ni jambo la baadaye: kwanza wafundishe vipindi vyao, wafunge mlango, wasubiri.

Nawaomba msisubiri. Mwalimu asiye na cheo anaongoza pale anapomkaribisha mwenzake darasani aone kazi yake, na pale anapoomba kukaa nyuma ya darasa la mwenzake ajifunze. Nimeona shule ikigeuka kwa jambo hilo tu, ilhali mwalimu mkuu ni yuleyule na vitabu ni vilevile.

Shule zetu za visiwani ni ndogo. Unaweza kukuta walimu wachache wamegawana kuanzia watoto wa chekechea hadi gredi ya tisa. Kila mmoja ana somo ambalo hakulisomea, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake anayehangaika. Mwalimu wa gredi ya kwanza anajua namna ya kuwatuliza watoto arobaini kwa wimbo mmoja, wa gredi ya saba hajui, na wamekaa benchi moja wakinywa chai kila siku. Elimu ile haivuki benchi.

Na mtaala wenyewe unatudai. Katika umilisi wa kimsingi saba tunaotakiwa kuwajengea watoto, wa kwanza kutajwa ni mawasiliano na ushirikiano. Tunawapanga watoto makundi ya watanowatano, tunawaambia wasaidiane, wanatutazama sisi tulivyo.

Nitaeleza tukio moja kwa urefu, kwa sababu maneno matupu hayatasaidia mtu.

Katika shule moja huku kwetu, walimu watatu waliandaa somo moja pamoja: gredi ya pili, hesabu, nusu na robo. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa mazoezi, mwingine mwalimu wa gredi ya kwanza wa miaka mingi, wa tatu naibu wa mwalimu mkuu. Andalio la somo waliliandika jioni moja kwa pamoja, kwenye karatasi moja. Yule kijana wa chuo ndiye aliyefundisha. Wale wawili walikaa kando, na kila mmoja alipewa watoto watatu wa kuwatazama. Hawakuwa na kazi ya kumtazama mwalimu. Walitazama watoto tu: wanafanya nini, wanaambiana nini, wanakwama wapi.

Kila mtoto alipewa karatasi ya mviringo na kuambiwa huo ni mkate wa sinia, aukate robo nne. Msichana mmoja aliyekaa dirishani alikata kwa mistari iliyolala sambamba, juu hadi chini. Akapata vipande vinne: viwili vya pembeni vidogo, viwili vya kati vinene. Mwalimu alipita, akaona vinne, akatia alama ya vyema, akaenda zake. Jirani yake yule msichana akanong'ona, "Wa kati amepata kubwa, wa pembeni atalia." Mwalimu hakusikia, na asingeweza kusikia akiwa mbele na darasa zima. Mwalimu wa gredi ya kwanza alisikia, akaandika neno kwa neno.

Baada ya kipindi waliketi chini ya mkungu wakasomeana walichoandika. Hapo ndipo ilipobainika kwamba karibu darasa lote lilielewa robo kuwa "vipande vinne," basi, bila sharti la kulingana. Hakuna aliyemlaumu kijana. Somo lilikuwa la watatu, na tatizo likawa la watatu. Wakalibadilisha: safari hii mtoto anagawia watu wanne, na anayekata ndiye achukuaye mwisho. Walipolirudia na gredi ya tatu kama marudio, watoto walianza wenyewe kukunja karatasi kabla ya kukata, wanapima ukingo kwa ukingo, kwa sababu hakuna aliyetaka kubakiziwa kipande chembamba.

Sasa niambieni, hapo kiongozi alikuwa nani? Naibu ana cheo. Mwalimu wa gredi ya kwanza ana uzoefu. Lakini aliyeanzisha, aliyewaendea wale wawili akasema "nisaidieni kulitengeneza hili somo," ni yule aliyekuwa hapo kwa muhula mmoja tu.

Karibuni tujadili. Nitajibu kadiri mtandao utakavyoruhusu.

---

#2 BintiShanzu

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwaka wa tatu wa diploma na nimefurahi sana kusoma. Lakini nina wasiwasi. Mimi umri wangu ni miaka ishirini na kitu. Nitamwendeaje mwalimu aliyefundisha tangu sijazaliwa nikamwambia aje akae nyuma ya darasa langu? Nyumbani kwetu hiyo ingehesabiwa kukosa adabu. Na nikiomba kukaa nyuma ya darasa lake, si ataona nimekuja kumkagua?

---

#3 MwalimuWaPate

Marahaba mwanangu. Wasiwasi wako ni wa mtu aliyelelewa vyema, na usiuache.

Anza kwa kwenda kwake, usianze kwa kumwita kwako. Wiki ya kwanza jua kwanza nani ni nani: nani anatunza vitabu, nani mwandamizi, nani wazazi wanamsikiliza, mpishi wa uji ni nani na anamjua mtoto gani hakula jana. Kisha mwendee mwalimu mmoja, peke yake, si mbele za watu, umwambie jambo unalotaka kujifunza kwake, na liwe jambo moja linalotajika. "Mwalimu, nimesikia gredi ya kwanza wakiimba kimya kikaingia. Naomba nikae nyuma kipindi kimoja nione unavyoanza." Sijapata kuona mwalimu aliyekataa ombi la namna hiyo. Watu wengi katika kazi hii wamekaa miaka bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanajua kitu.

Ukitoka darasani mwake, usiseme "somo lilikuwa zuri." Hiyo sifa haina uzito. Mwambie ulichokiona: "Uliposhusha sauti, na yule mtoto wa nyuma akashusha." Ataelewa kwamba ulikuja kujifunza.

Baada ya hapo ndipo unapomwalika. Na usimwalike aje kuliona somo lako, maana hapo unamfanya hakimu. Mwombe akutazamie watoto. "Mwalimu, wale watatu wa karibu na mlango sijui wananielewa au la. Ningeomba unitazamie nusu kipindi." Umempa kazi ya heshima, na umejikinga na ile hali ya kukaguliwa.

Kukaguliwa kupo na kuna mahali pake. Tangu 2016 tuna TPAD, tathmini ya utendakazi wa mwalimu, na kutazamwa ukifundisha ni sehemu yake. Fomu ile ina alama, na penye alama mtu huvaa nguo ya sikukuu: ataandaa somo la kuonyeshwa, watoto wameshaambiwa wa kujibu ni nani. Ziara ya mwenzako isiwe na fomu wala alama. Karatasi tupu na kalamu vinatosha.

---

#4 KijanaWaGanda

Mwalimu, heshima yako. Mimi ni mwanagenzi wa sekondari msingi huku Malindi, na nitasema wazi kwa sababu wengi wanafikiri hivi na hawasemi.

Tunalipwa elfu ishirini kwa mwezi kabla ya makato. Tulipofika shuleni, "ushirikiano" ulikuwa na maana moja: kijana afanye. Michezo, kijana. Kuingiza alama kwenye tovuti, kijana, kwa sababu "ninyi mnajua tarakilishi." Zamu ya wiki ya mtihani, kijana. Chama cha wanafunzi, kijana. Nafundisha masomo ambayo sikuyasomea, naandaa mpaka usiku, halafu nije nisome kwamba nioneshe uongozi zaidi? Na nikitembelea madarasa ya wenzangu, ni katika muda upi?

La pili. Sisi wa sekondari msingi tuko ndani ya ua wa shule ya msingi tangu gredi ya saba zilipoanza 2023. Mwalimu mkuu ni wa msingi. Walimu wa msingi wana afisi yao, sisi tuna chumba kilichokuwa stoo. Wenzetu wa sekondari msingi wanadai utawala wao wenyewe, kesi na maandamano yamekuwapo. Katika hali hii ushirikiano ni na nani?

---

#5 MwalimuWaPate

Kaka, ahsante kwa kusema wazi. Sitakupinga katika hilo la kwanza, kwa sababu ni kweli na si haki. Mwalimu mgeni anapotwishwa kila kisichotakiwa na wengine, huo ni utumishi, si ushirikiano. Jina zuri halibadilishi. Na malipo ni suala la mwajiri na vyama vya walimu, hakuna ushauri wangu wa darasani unaoweza kuchukua nafasi ya mshahara wa haki. Liendelezeni dai lenu.

Ninachotaka kutenganisha ni kazi unayofanya kwa niaba ya mtu na kazi unayofanya pamoja naye. Chukua hiyo ya alama. Ukiletewa karatasi za gredi ya sita, ukakaa nazo usiku peke yako ukaziingiza, umekuwa karani, na muhula ujao zitaletwa tena. Sema hivi: "Nitakusaidia, lakini tukae wote, wewe usome mimi niandike, na kesho tubadilishane." Mara ya kwanza itachukua muda mrefu kuliko ungefanya peke yako. Vumilia. Akishajua kuingiza, mzigo umepungua moja kwa moja, na mmekaa saa nzima mkizungumza juu ya watoto walewale atakaokuletea wewe mwaka ujao.

Mwombe naibu akuandikie majukumu yako. Mwombe kwa upole, ukiwa na orodha yako mkononi: hizi ndizo kazi ninazofanya sasa, hivi ndivyo vipindi vyangu, naomba uniambie zipi nizishike vizuri na zipi tugawane na wenzangu. Kiongozi wa shule mwenye busara akiona orodha ya mtu mmoja ina kazi za watu wanne, ataona haya. Asiye na busara, walau mmezungumza juu ya karatasi na si juu ya hisia.

Kuhusu ua mmoja na afisi mbili. Nani atawale sekondari msingi ni jambo la wizara, bunge na mahakama, na mna haki ya kulipigania. Lakini mtoto hajui mipaka hiyo. Jana alikuwa gredi ya sita upande ule wa mwembe, leo ni gredi ya saba upande huu. Mwalimu wake wa msingi anajua kwamba hasomi vizuri, anajua ni kwa sababu ya macho au ni kwa sababu ya njaa au ni kwa sababu alikosa muhula mzima baba alipohamia Kiunga kuvua. Maarifa hayo yako hatua hamsini kutoka kwenye ile stoo yenu, na hayapatikani katika matokeo ya KPSEA, mtihani wa gredi ya sita. Huhitaji kukubaliana na mtu juu ya utawala ndipo umuulize kuhusu mtoto.

Nawajua walimu wawili, mmoja wa kila upande, ambao hawakubaliani juu ya jambo hilo hata chembe. Kila mwanzo wa mwaka huketi na rejista ya gredi ya saba na kulipitia jina moja baada ya jingine. Mchana mmoja tu. Nikiulizwa ushirikiano ni nini nitawataja hao kabla ya shule yenye mikutano kila Ijumaa.

Na hilo la mikutano nalisema kwa uchungu. Kuna ushirikiano wa kulazimishwa: mnaitwa saa kumi, mnaambiwa "leo tufanye kazi kwa pamoja," mahudhurio yanaandikwa, picha inapigwa, kila mtu anarudi kufunga mlango wake. Hauzai kitu kwa sababu hakuna aliyekuwa na swali.

---

#6 MstaafuLangoni

Wanangu, nimesoma yote. Nimefundisha na nimekuwa mwalimu mkuu bara na visiwani kabla sijastaafu, sasa niko nyumbani hapa Langoni, mjini Lamu. Niruhusuni maneno machache.

Mji huu una mfano wa hicho Mwalimu anachokisema, na ni mfano wa mwalimu. Habib Swaleh alikuja Lamu kutoka Ngazija (Komoro) akiwa kijana. Hakuja na cheo, na hakupewa cha mjini. Wakati huo elimu ya dini ilikuwa mikononi mwa familia chache, na waliokuwa watumwa na wageni maskini hawakuwa na mahali pa kusomeshwa. Yeye akakaa nao huku pembeni ya mji, akawasomesha, akaingiza dufu na kaswida katika Maulidi, jambo ambalo wakubwa wengine hawakulipenda. Leo Riyadha, msikiti na chuo chake, ndiyo hiyo, na watu wanakuja kwa Maulidi kutoka pwani yote na nje ya nchi. Aliona kazi isiyokuwa na mtu, akaishika, akawashirikisha watu wasiohesabiwa.

Sasa niseme upande wa mwalimu mkuu, maana vijana mnatuona sisi kama ukuta. Nilipokuwa natafuta wa kumpendekeza kuwa mwandamizi, sikumtazama mwenye sauti katika mkutano. Nilitazama zamu. Mwalimu wa zamu anafika kabla ya kengele, anajua choo gani kimeziba, mtoto gani amekuja analia, ni kiranja gani anawapiga wadogo. Kisha nilitazama jambo moja zaidi: Ijumaa jioni anapokabidhi zamu, anamwambia nini anayepokea? Wengi huacha daftari mezani na kwenda zao. Aliyekaa dakika tano na mwenzake akamweleza "huyu mtoto mtazame Jumatatu," huyo ndiye niliyemwandika.

Neno la mwisho ni onyo. Ukiwa na malalamiko, usiyapeleke kwanza kwenye kikundi cha WhatsApp cha walimu. Nimeona shule mbili zikigawanyika kwa ujumbe mmoja wa saa nne usiku. Mwendee mwenyewe, asipokusikia mwendee naibu, kisha mkuu. Likishafika kwenye simu za watu arobaini, hata mwenye nia ya kukubali kosa hawezi tena kulikubali.

---

#7 MzaziFaza

Mimi si mwalimu, ni mzazi. Naona mnazungumza wenyewe kwa wenyewe, na sisi je? Mwaka jana tuliitwa mkutano wa wazazi saa nne asubuhi, msimu wa kaskazi, bahari imetulia na wanaume wote wako nje wanavua. Tulikwenda wanawake wachache, halafu tukasikia wametuandika kwamba wazazi wa huku hawajali elimu. Liliniuma sana.

Na watoto wetu wakitoka shule wanakwenda chuoni kusoma Kurani. Mwalimu mgeni anatoa kazi ya nyumbani ya saa mbili, mtoto ataifanya saa ngapi?

---

#8 MwalimuWaPate

Dada, umetukumbusha jambo ambalo lilistahili kuwa juu kabisa. Ahsante.

Walimu watarajiwa, someni alichoandika mzazi huyu mara mbili. Kabla hujaitisha mkutano, muulize mtu anayejua bahari: wavuvi wanatoka lini na wanarudi lini. Baada ya Alasiri, siku ambayo vyombo viko ufuoni, utapata akina baba wengi. Katibu wa mkutano aandike nani hakuweza kuja na kwa nini, badala ya "hawajali."

Maalim wa chuo ni mwenzako wa kazi. Watoto wake ni wako. Mtembelee, mwanamke kwa adabu inayomstahiki na mwanamume vivyo hivyo, kwa kupitia mwalimu mwenyeji atakayekujulisha. Ulizia ratiba yake. Katika kijiji kimoja walimu wa shule na maalimu wa chuo walikubaliana kwamba wiki ya mitihani ya shule chuo kipunguze muda, na siku za kuhitimu msahafu shule isitoe kazi ya nyumbani. Makubaliano ya mdomo tu, yalifanywa kibarazani. Na maalim atakwambia jambo ambalo hutalipata kwingine: yule unayemwita mzito darasani ana juzuu nzima kichwani. Ukilijua hilo, utamfundisha kwa njia nyingine.

Huku pwani hili lilishafanyiwa kazi. Katika miaka ya 1980 mpango wa shule za awali za madrasa ulianzia Mombasa, kwa ombi la jamii za Waislamu na msaada wa Aga Khan, ukawafunza wanawake wa mitaani kuwa walimu wa watoto wao wenyewe, dini na masomo mengine chini ya paa moja. Baadaye ukaenda Zanzibar na Uganda. Wazazi walikuwa wasimamizi wa shule zile, hawakuwa wageni wa siku ya mkutano.

---

#9 KijanaWaGanda

Mwalimu, nimekusoma, na mzee wetu pia. Hilo la kupitia rejista na mwalimu wa gredi ya sita nitalifanya wiki hii. Hili la walimu watatu na somo moja limetoka wapi? Nikienda kwa naibu lazima niwe na maelezo, asione nimebuni.

---

#10 MwalimuWaPate

Limetoka Japani, ambako walimu wa shule za msingi wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja: wanaandaa somo pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanatazama watoto, kisha wanalijadili na kulirekebisha. Kenya jambo hili si geni. Mradi wa SMASSE wa hesabu na sayansi ulianza 1998 kwa ushirikiano wa serikali yetu na JICA, shirika la misaada la Japani, na CEMASTEA, kituo cha kuwafunza walimu wa hesabu na sayansi kule Karen, Nairobi, ndiyo iliyoendeleza mafunzo yake. Walimu wengi wa hesabu na sayansi wa rika langu walipitia warsha zile. Muulize naibu wako kama alihudhuria. Mwalimu wa umri huo akisikia "panga, fanya, tazama, boresha" huenda akakumalizia sentensi.

Mtaje pia afisa wa mtaala wa eneo lenu, yule tuliyekuwa tukimwita mkufunzi wa TAC (kituo cha ushauri kwa walimu). Wakati wa Tusome, mpango wa kuinua usomaji katika gredi za chini, kuanzia 2015, maafisa hao walikuwa wanaingia madarasani na tableti, wanakaa na mwalimu baada ya kipindi na kuzungumza juu ya usomaji wa watoto. Walimu wa gredi za chini wanaikumbuka kazi hiyo. Humletei mtu jambo la ajabu.

---

#11 BintiShanzu

Mwalimu, swali langu la mwisho. Shule yenye walimu wanane, wawili wakikaa nyuma ya darasa langu, madarasa yao yanakaa na nani? Naogopa mwalimu mkuu atauliza hilo kwanza.

---

#12 MwalimuWaPate

Atauliza, na lazima uwe na jibu kabla hujaingia afisini kwake.

Vipindi vya gredi za chini ni dakika 30, za juu 35, sekondari msingi 40. Usiombe siku nzima, omba kipindi kimoja katika nusu muhula. Anza na mtazamaji mmoja, si wawili. Tafuta katika ratiba kipindi ambacho mwalimu unayemtaka hana darasa. Kama hakuna, angalia penye michezo au usomaji wa maktaba: gredi ya nne na ya tano zinaweza kukaa pamoja zikisoma chini ya mwalimu mmoja kwa dakika 35 bila kupoteza chochote. Katika shule ambazo walimu waliondoka ghafla kwa sababu ya usalama, waliobaki walijifunza kuunganisha madarasa kwa shida. Wewe unaliunganisha kwa mpango, mara moja, na unajua kwa nini.

Mazungumzo ya baadaye yasizidi nusu saa. Mwenye kufundisha aseme kwanza, kisha mtazamaji asome alichoandika kuhusu watoto wale tu, kisha mkubaliane badiliko moja katika somo. Moja. Mkiandika mabadiliko kumi hamtafanya hata moja. Karatasi hiyo iwekwe ndani ya faili la somo katika afisi, si begini mwako, ili atakayefundisha mada hiyo mwaka ujao aikute, hata wewe ukiwa umeshapangiwa kwingine.

Kijana wa Ganda, kwa kuwa utaanza wiki hii, usichague somo gumu unaloliogopa wala lile unalolimudu sana. Chagua mada ambayo mwaka jana ilikushangaza kwa kuwa ulidhani wameelewa, matokeo yakakataa. Mwombe yule mwalimu wa gredi ya sita atazame watoto watatu aliowafundisha yeye mwenyewe. Ukishamaliza tuandikie humu watoto walisema nini, kwa maneno yao, tuone la kubadilisha.